Saa ya Mauti

Msomaji, mtu akiulizwa jambo asilolijua, heshima yake imo katika kusema kwamba halijui. Hilo ni fundisho la utotoni na hapana anayelibishia. Lakini liko swali gumu kuliko hilo. Mtu afanye nini akiulizwa jambo analolijua nusu? Aseme nusu yake aonekane mjinga, au aikamilishe nusu hiyo kwa dhana aonekane mjuzi? Nataka tulipime swali hili kwa mfano mmoja ambao huenda ukakutisha kidogo, kwa kuwa unahusu maiti. Usiukimbie. Kifo hakuna nyumba isiyokijua, na katika mfano huu uhuru wa watu walio hai, mali zao na utulivu wa mioyo yao hutegemea jibu la mtu mmoja.

Mfano wenyewe ni huu. Katika Mji wa Kale wa Mombasa mtu amekutwa chumbani mwake alfajiri, amekwisha kufa. Hapana aliyemwona akikata roho. Daktari ameitwa, amepima joto la mwili, amepiga hesabu, kisha wote waliosimama mlangoni wanamwuliza swali moja: amekufa saa ngapi? Polisi wanaitaka saa hiyo ili wajue nani aulizwe alikuwa wapi. Warithi wanaitaka kwa sababu yao. Mama wa marehemu anaitaka kwa sababu nyingine kabisa, nami nitarudi kwake.

Hesabu ya daktari haikuzaliwa na maiti. Ilizaliwa na chuma cha moto, nawe waweza kuiona ikifanya kazi katika kikombe cha kahawa. Ukipita Ndia Kuu jioni, au ukikaa barazani karibu na Ngome ya Yesu, utamwona muuza kahawa akimimina kutoka katika dele lake, makaa yakiwaka chini, ndani ya vikombe vidogo visivyo na mkono. Kahawa ikimiminwa huunguza ulimi. Baada ya kitambo hunyweka. Ukizidi kuzungumza huwa vuguvugu. Tuseme kahawa ina digrii 70 za sentigredi, na hewa ya jioni ina digrii 30. Kahawa imeizidi hewa kwa digrii 40. Tuuite ukubwa huo ziada. Kama baada ya dakika kumi ziada imepungua ikawa 20, wengi watadhani kwamba dakika kumi nyingine zitaimaliza yote. Sivyo. Dakika kumi za pili huondoa nusu ya iliyobaki, ziada ikawa 10. Na kumi za tatu huondoa nusu tena, ikawa 5. Kitu chenye moto mwingi hupoa mbio, na kitu kilichokaribia hali ya hewa hupoa kwa kusitasita, mithili ya mgeni asiyependa kuaga.

Isaac Newton wa Uingereza aliitoa kanuni hii mwaka 1701, katika makala fupi ya Kilatini ambayo haikutiwa jina lake. Alikuwa akitafuta njia ya kujua joto lililozidi uwezo wa vipimajoto vya zama zake, akatumia kipande kinene cha chuma kilichotiwa moto, akakiacha kipoe. Alisema kwamba kasi ya kupoa hulingana na ziada: ziada ikiwa maradufu, kasi nayo ni maradufu. Iangalie vizuri kanuni hii, kwa kuwa ina tabia ya pekee. Haisemi joto ni kiasi gani saa hii au saa ile. Husema tu kwamba joto hubadilika kwa kasi gani likiwa katika hali fulani. Wanahesabu wana milinganyo mingi ya namna hii, ambayo hutaja mwendo wa kitu na kumwachia mwenye hesabu kazi ya kuvumbua mahali kilipo. Mtu akiujua mwendo, na akapajua mahali pa sasa, aweza kwenda mbele akatabiri, au kurudi nyuma akasimulia. Safari ya kurudi nyuma ndiyo aifanyayo daktari. Mwili ulio hai una digrii 37 hivi. Huu umekutwa na pungufu ya hizo. Basi umekuwa njiani kwa muda gani?

Kuna neno moja katika habari ya Newton ambalo wengi hulipita. Chuma chake hakukiacha katika hewa ya hivi hivi. Alikiweka mahali penye ubaridi ambapo upepo ulivuma bila ya kugeuka. Alijua kwamba kanuni yake inadai mazingira ya namna moja tangu mwanzo hadi mwisho. Upepo huo tutauhitaji baadaye.

Mwaka 1868 Harry Rainy, mwalimu wa uganga wa sheria huko Glasgow, aliijaribu kanuni hii juu ya maiti, akaona kwamba haifuatwi sawasawa. Mwili si kikombe. Ni mnene, una mafuta, na joto la ndani halina budi kusafiri kwanza mpaka kwenye ngozi ndipo lipate kutoka. Kwa hiyo katika muda wa mwanzo kipimajoto kilichoingizwa ndani huonyesha karibu joto lile lile la uhai, kana kwamba habari ya msiba haijafika. Baadaye ndipo joto huanza kushuka kwa namna aliyoisema Newton. Mwaka 1962 T. K. Marshall na F. E. Hoare walitoa mlinganyo wenye sehemu mbili, moja kwa ajili ya kukawia huko kwa mwanzo na nyingine kwa ajili ya kushuka. Claus Henssge wa Ujerumani aliuendeleza katika miaka ya 1980, akachora mchoro wa mistari ambao daktari huweka rula juu yake na kusoma muda, baada ya kuangalia uzito wa maiti, nguo alizovaa, na kama alikuwa penye upepo au maji. Ninampenda mtu huyu kwa jambo moja: kiasi cha kosa alikiandika ndani ya mchoro wenyewe, mahali ambapo msomaji hawezi kukikwepa. Hali zikiwa njema kabisa, jibu laweza kupotoka kwa saa 2 na dakika 48 hivi upande wa mbele, na kadiri hiyo hiyo upande wa nyuma. Na hata kwa kuruhusu yote hayo, mara moja katika ishirini ukweli utakuwa nje ya mipaka. Jibu bora katika hali bora, basi, lina upana wa zaidi ya saa tano na nusu.

Sasa tuilete hesabu hii kisiwani Mombasa. Henssge alilazimika kuchora mchoro wa pili kwa ajili ya hewa iliyozidi digrii 23, na karibu mwaka mzima Mombasa imo katika mchoro huo wa pili. Sababu yake yafaa kuijua. Chukua kalamu. Tuache kando ule ukawiaji wa mwanzo ili hesabu iwe nyepesi, tuseme ziada ya mwili hupungua nusu kwa kila saa sita, na hewa ya chumbani ina digrii 27. Wakati wa kufa ziada ilikuwa 10. Daktari amepima akapata digrii 32, yaani ziada ni 5. Nusu imekwenda, saa sita zimepita. Jibu ni safi, hata linapendeza. Lakini kipimajoto kikiwa kimekosea kwa nusu digrii tu, jibu lawa saa 5 na dakika 10, au saa 6 na dakika 55, kwa kadiri kilivyokosea kuelekea juu au chini. Nusu digrii imezaa tofauti ya saa moja na dakika arubaini na tano.

Mpeleke maiti huyo huyo katika nchi ambayo hewa ya usiku ina digrii 5. Ziada ya mwanzo ni 32. Baada ya saa sita mwili una digrii 21, na kosa lile lile la nusu digrii hutoa jibu lililo kati ya saa 5 na dakika 44 na saa 6 na dakika 16. Tofauti ni kama nusu saa. Chombo ni kile kile, na mlinganyo haukubadilika. Tofauti ni kwamba katika baridi joto la mwili lina bonde refu la kushuka, na kila hatua yaonekana, bali kwetu bonde ni fupi na hatua zimesongamana. Mchana wa mwezi wa Machi hewa ya Mombasa hufika digrii 32 na kupita, na bonde huwa fupi zaidi ya hapo. Mwili ukikwisha kulingana na hewa, kipimajoto hakina la kusema tena. Vitabu vingi vya elimu hii viliandikwa na watu wa nchi za baridi, na mwanafunzi wa pwani anayevisoma yampasa akumbuke hali ya hewa ya waliovitunga.

Hata hivyo kosa la kipimajoto ndilo dogo. Kubwa ni yale ambayo daktari hakuyaona. Mimi nilisema marehemu alikuwa na digrii 37. Je, kama alilala na homa, mwili una digrii 39? Ziada ya mwanzo ikawa 12, na saa sita zetu zikawa saa saba na nusu na kidogo. Nilisema hewa ilikuwa na digrii 27. Hiyo ni hewa aliyoikuta daktari alfajiri. Hewa ya saa nne za usiku ilikuwaje? Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe na dari za boriti za mikoko. Kuta hizo hunywa joto la jua mchana na kulitema usiku polepole. Dirisha la juu lililoelekea Bandari ya Kale huingiza upepo wa kusi usiku kucha kama likiachwa wazi. Nani alilifunga, na saa ngapi? Feni ilizunguka mpaka asubuhi, au umeme ulikatika katikati? Huu ndio upepo wa Newton niliokuomba uukumbuke. Yeye aliuchagua mwenyewe akausimamia. Daktari amerithi upepo wa usiku ambao hapana mtu aliyeukalia zamu.

Tena kuna desturi. Waislamu wa mji huu huharakisha maziko, nao wana haki. Maiti hufunikwa, hunyooshwa, huoshwa, huvikwa sanda, huswaliwa na kuzikwa, mara nyingi siku ile ile. Kila tendo la heshima katika hayo, hasa maji, hufuta maandishi ambayo joto lilikuwa likiyaandika. Siwalaumu waoshaji. Nasema tu kwamba hesabu iliyotungwa kwa chuma kilicholazwa peke yake inafika katika nyumba iliyojaa watu wenye mapenzi.

Basi daktari wetu ana nini mkononi? Hana saa. Ana kipande cha usiku, kipana, chenye kingo zisizo kali. Kwa kadiri ya elimu yake mtu huyu alikufa kati ya saa nne za usiku na saa tisa. Na wote mlangoni wanamwambia: daktari, saa ngapi hasa?

Hapa ndipo ulipo mtihani, nami sitaki uudharau. Kutaja saa moja ni rahisi, na si uwongo ulio wazi. Akisema saa sita na nusu ametaja katikati ya kipande chake; kwa namna fulani ndilo jibu zuri kupita yote aliyo nayo. Waulizaji wataridhika, kazi itaendelea, na yeye ataitwa mtaalamu. Lakini aliyesikia saa sita na nusu hakusikia alichokijua daktari. Amesikia kwamba saa tano na saa nane haziwezekani, jambo ambalo daktari hakulijua wala hakulisema. Kwa maoni yangu kupunguza upana wa jibu ni kusema uwongo hata kama tarakimu iliyotajwa ni ya kweli, kwa sababu upana ule ulikuwa sehemu ya jibu, na sehemu hiyo imefichwa.

Utasema, hii ni ukali wa bure; dakika chache zina nini? Sikiliza habari ya Steven Truscott wa Canada. Mwezi wa Juni 1959, karibu na mji wa Clinton katika jimbo la Ontario, msichana wa miaka 12 alipotea jioni ya tarehe 9, na maiti yake ilikutwa kichakani siku mbili baadaye. Truscott alikuwa mvulana wa miaka 14, umri wa wanafunzi wengi watakaosoma ukurasa huu. Alikuwa amempakia msichana huyo kwenye baiskeli yake jioni ile, na mnamo saa mbili alionekana tena na wenzake uwanjani kwa shule. Daktari aliyepasua maiti aliangalia chakula kilichokuwamo tumboni, akaiambia mahakama kwamba kifo kilitokea kati ya saa moja na robo na saa mbili kasorobo za usiku. Njia yake ilikuwa ya tumbo, si ya joto, lakini kosa ni la ukoo mmoja: alipewa kitu kipana akatoa kitu chembamba. Nusu saa ile ililingana na muda ambao mvulana alikuwa na msichana. Tarehe 30 Septemba 1959 alihukumiwa kunyongwa. Hukumu ya kifo ilibadilishwa ikawa kifungo cha maisha, na alikaa kifungoni miaka kumi, akaachiliwa kwa masharti mwaka 1969. Mahakama ya Rufani ya Ontario ilimwondolea hatia tarehe 28 Agosti 2007, baada ya wataalamu kueleza kwamba chakula cha tumboni hakiwezi kubana wakati wa kifo katika nafasi ndogo kama ile. Wakati huo Truscott alikuwa na umri wa miaka 62.

Sidhani kwamba daktari yule alikuwa mtu mwovu. Nadhani aliulizwa swali jembamba akalijibu kwa kipimo cha swali. Kwetu Kenya hapana mtu aliyenyongwa kwa hukumu tangu mwaka 1987, lakini adhabu ya kifo haijaondoka katika vitabu vya sheria, na mfungwa wa maisha naye hutumikia dakika zilizotajwa na mwingine. Wakili mwenye kesi dhaifu hupenda saa moja iliyotajwa waziwazi kuliko saa tano za kweli. Kwa hiyo mzigo huu haumwangukii daktari peke yake. Anayeuliza “saa ngapi hasa?” akijua kwamba hasa haipo, ni mshirika.

Wengine, wakiisha kusikia habari kama hii, hukimbilia upande wa pili. Husema: kama daktari hana hakika, na anyamaze. Shauri hili lina sura ya unyenyekevu, lakini ni uvivu uliovaa kanzu nzuri. Tuseme anayeshukiwa aliondoka Mombasa kwa basi saa mbili za usiku, na abiria wenzake wamethibitisha kwamba hakushuka mpaka Malindi, akalala huko mpaka asubuhi. Jibu pana la daktari, kati ya saa nne na saa tisa, latosha kumwokoa. Halikuhitaji kuwa jembamba. Na kama mwingine alikuwa peke yake na marehemu tangu saa tatu mpaka alfajiri, jibu lile lile halimhukumu, lakini halimwachi nje ya maswali. Jibu pana hufunga milango fulani na kuacha mingine wazi. Anayenyamaza huiacha yote wazi, na mwenye nguvu kuliko wote barazani ndiye atakayechagua wa kupita. Kunyamaza katika mambo ya haki ni kutoa ushahidi kwa niaba ya mwenye sauti kubwa.

Sasa nirudi kwa yule mama, kwa kuwa swali lake ni gumu kuliko la polisi. Tumfikirie anakaa Kibokoni, na mwanawe alilala chumba cha juu. Saa sita za usiku alimsikia akikohoa, au alidhani amemsikia. Akasema moyoni, nitapanda nimtazame, usingizi ukamchukua. Alfajiri alimkuta baridi. Yeye hataki saa kwa ajili ya mahakama. Anauliza: daktari mwanangu, kama ningepanda saa sita ile, ningemkuta hai?

Mwenye huruma atashawishika kusema: hapana, mama, alikwisha kufa tangu saa nne. Saa nne imo ndani ya kipande chake, hawezi kuumbuliwa. Hapana atakayefungwa kwa neno hilo. Mama atalala. Katika maadili ya watu wetu kumfariji mfiwa ni wajibu, na siwezi kumwita mhalifu daktari aliyefanya hivyo. Lakini nadhani ametoa faraja hafifu wakati alikuwa na iliyo imara. Mama yule amejihukumu. Ameketi usiku ule katika kiti cha hakimu na kusema: alikuwa hai, nami nikalala. Ushahidi wake ni nini? Kikohozi kilichosikika katika usingizi. Elimu yote ya joto, tangu Newton hadi Henssge, haiwezi kuthibitisha shitaka lake. Na daktari amwambie hivyo hivyo: mama, mimi nimesomea jambo hili na nina chombo mkononi, nami siwezi kusema kama saa sita alikuwa hai, wewe huna chombo, umewezaje kuamua? Upana ule ule uliomwokoa mshitakiwa wamtetea na yeye. Neno hili si tamu kama lile la kwanza, lakini litasimama hata siku atakapoisoma ripoti kwa macho yake, au atakaposikia daktari akihojiwa.

Najua utakaloniuliza. Je, kama hesabu ingeonyesha wazi kwamba saa sita alikuwa hai? Katika hali hiyo mimi ningekaa kimya mpaka niulizwe, na nikiulizwa ningesema. Wengine wenye akili kuliko mimi wangesema jambo jingine, na sitagombana nao.

Kuna watu ambao walikutana na swali hili zamani, kabla ya kipimajoto, nao ni watu wa mirathi. Mali hupita kutoka kwa aliyetangulia kufa kwenda kwa aliyebaki, hata kama alibaki kwa saa moja. Tuseme baba na mwanawe wamekufa katika ajali moja. Kama mwana alifuata nyuma, alikwisha kumrithi baba, na fungu lake litamfikia mkewe. Kama alitangulia, mke huyo hana kitu katika mali ya mkwewe. Nyumba nzima yaweza kutegemea dakika kumi ambazo hapana aliyeziona. Na Mombasa inaijua misiba ya namna hiyo. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilizama katika mlango wa bahari ulio kusini ya kisiwa, na watu 272 wakafa. Mwili ndani ya maji hupoa haraka kuliko hewani, na ukikaa huko mpaka ukawa na joto la bahari, kipimajoto hakiwezi kutofautisha aliyetangulia na aliyefuata.

Katika nchi yetu sheria mbili hujibu swali hili, na zinajibu mbalimbali. Sheria ya Mirathi ya Kenya, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika mwaka 1981, husema katika sehemu ya 43 kwamba isipojulikana nani alitangulia, itahesabiwa kuwa walikufa kwa kufuata umri, mkubwa kwanza na mdogo baadaye. Isipokuwa mume na mke, ambao huhesabiwa kuwa walikufa pamoja. Waislamu walitolewa katika hukumu za sheria hiyo mwaka 1990, na mirathi yao hufuata sheria ya Kiislamu. Katika madhehebu ya Shafii, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani, walioghariki pamoja au kuangukiwa na nyumba pamoja, ikiwa haijulikani nani alitangulia, hawarithiani wao kwa wao. Mali ya kila mmoja huenda kwa warithi wake walio hai.

Zitazame sheria hizi bila upendeleo. Ya kwanza hutoa jibu pasipo kujua. Je, ni ya uwongo? Siioni hivyo, kwa sababu husema waziwazi “itahesabiwa”. Haidai kwamba mdogo kweli alibaki hai. Huchagua njia ya kugawa mali, na uchaguzi huo umetangazwa kabla ya ajali, kwa watu wote. Ya pili huuchukua ujinga wetu kama ulivyo na kuufanya msingi wa hukumu: kwa kuwa hatujui, hapana kinachopita kati yao. Mimi huvutwa na hii ya pili, ingawa nakubali kwamba mjane mwenye watoto wadogo aweza kuumia kwayo. Lakini zote mbili zina uaminifu ambao daktari wa Clinton aliukosa, kwani hapana hata moja inayovalisha dhana nguo za ujuzi. Mahakama yaweza kuamua pasipo kujua, na mara nyingi hailazimiki kungoja. Kinachodaiwa ni iseme kwamba imeamua.

Ukitaka kuyaonja haya kwa ulimi wako, msomaji, fanya jaribio darasani. Mwenzako na amimine kahawa ya moto kikombeni chumba cha pili na kuandika saa katika karatasi aliyoikunja. Nawe uitwe baadaye, upewe kipimajoto na saa ya ukutani, upime mara mbili kwa kupitisha dakika kumi, upige hesabu ya kurudi nyuma na kuandika kahawa ilimiminwa lini. Andika mipaka miwili, wa mapema na wa kuchelewa, upana ule ambao uko tayari kuwekea dhamana fedha yako ya nauli. Mwenzako amepewa ruhusa, kabla hujaitwa, ya kufungua dirisha, au kukifunika kikombe, au kutofanya lolote. Usimwulize alifanya nini mpaka wino wako umekauka.